Lori Lisubiri Wapi?

Mtu wa Mbinga, mkoani Ruvuma, akisikia habari za foleni huwaza Ubungo, Tunduma au Nairobi. Kwake, gari likichelewa lawama ni ya mvua, ya mteremko au ya pancha. Lami kutoka Songea ilifika mjini miaka ya 2010 kwa fedha za Marekani kupitia mfuko wa MCC, kipande cha Peramiho hadi Mbinga kikiwa na kilometa 78. Kikafuata kipande cha kilometa 66 cha kuteremkia Mbamba Bay, ambacho Rais John Magufuli alikiwekea jiwe la msingi Aprili 2019. Ni barabara ya njia mbili, moja ya kwenda na moja ya kurudi, na kwa saa nyingi za mchana bodaboda ndizo zenye barabara. Kwa nini basi mtu wa huku ajisumbue na taa za kuruhusu magari kwenye barabara za Marekani, au alama za mwendo zinazobadilika za Uingereza?

Kwa sababu ya makaa ya mawe. Mgodi wa Ngaka, wilayani Mbinga, ulianza uzalishaji mwaka 2011, kwa ubia wa Shirika la Maendeleo la Taifa (NDC) na kampuni ya Australia. Serikali ilipozuia uagizaji wa makaa kutoka nje mwaka 2016, viwanda vya saruji, cha Dangote cha Mtwara kikiwamo, vikaelekeza malori yao Ruvuma. Vita vya Ukraine vilipopandisha bei mwaka 2022, wanunuzi wa ng'ambo nao wakabisha hodi, na shehena zikawa zinasafiri zaidi ya kilometa 700 kwa barabara, kupitia Songea, Namtumbo, Tunduru na Masasi, hadi kwenye meli bandarini Mtwara. Juu ya hayo, Mbamba Bay inajengewa bandari mpya, kazi iliyoanza mwaka 2024, ikitazamana na Nkhata Bay ya Malawi ng'ambo ya ziwa. Foleni ya malori haihitaji jiji. Inahitaji malori mengi na mlango mwembamba, basi.

Hoja ya makala haya ni kwamba hakuna kifaa cha barabarani kinachofuta kusubiri. Taa, mizani, kamera, alama za mwendo, miadi ya bandarini: vyote huamua tu nani asubiri, asubiri wapi, na kwa muda gani. Kikifungwa kimoja peke yake, mara nyingi humsukumia jirani mzigo wa kusubiri, na mwenye kifaa akatangaza ushindi. Faida ya kuvifunga kwa pamoja ipo na imepimwa, ila haipatikani kwa kujumlisha faida ya kila kimoja. Hupatikana pale tu vinapopeana habari na kukubaliana juu ya mahali ambapo kusubiri kunaumiza kidogo zaidi.

Tuanze na foleni yenyewe, kwa kuwa watu wengi huidhania kuwa ni suala la upana wa barabara. Mwaka 2008 watafiti wa Japani wakiongozwa na Yuki Sugiyama waliweka magari 22 kwenye duara la mita 230, wakawaambia madereva waende kwa mwendo mmoja wa kilometa 30 kwa saa. Hapakuwa na makutano, taa wala ajali. Baada ya muda mfupi magari yakaanza kusimama na kuondoka, na wimbi la kusimama likawa linarudi nyuma dhidi ya mwelekeo wa safari. Magari yakisongamana mno, dereva mmoja akigusa breki kidogo, wa nyuma hugusa zaidi, na wa nyuma yake husimama kabisa. Kibaya zaidi, barabara kuu ikishavunjika hivyo hupitisha magari machache kuliko ilivyokuwa ikipitisha dakika chache kabla. Wahandisi wamepima upungufu wa kati ya asilimia 5 na 15. Yaani barabara hupoteza nguvu saa ileile inapohitajika zaidi. Ndiyo maana kulizuia gari mlangoni kwa dakika mbili kunaweza kumfikisha dereva wake mapema kuliko kumwachia aingie.

Wazo hilo lilianza kufanyiwa kazi Chicago mwaka 1963, kwenye barabara ya Eisenhower: magari yanayotaka kuingia barabara kuu yazuiwe kwenye njia ya kuingilia na kuachiwa moja moja. Jaribio lake maarufu zaidi, hata hivyo, lilikuwa la kuzima taa hizo. Katika miji pacha ya Minneapolis na Saint Paul, jimbo la Minnesota, wananchi walichoka kusubiri kwenye taa takriban 430 za aina hiyo, na mwaka 2000 bunge la jimbo likaamuru zizimwe kwa wiki kadhaa ili ukweli ujulikane. Ukajulikana. Barabara kuu zilipitisha magari pungufu kwa asilimia 9, muda wa safari ukaongezeka kwa asilimia 22, na ajali zikapanda kwa asilimia 26. Taa zikawashwa tena, lakini kwa sharti jipya: mtu asisubiri kwenye njia ya kuingilia zaidi ya dakika 4. Sehemu hii ya mwisho husahauliwa sana na wanaosimulia kisa hiki, ilhali kwangu ndiyo yenye uzito. Wananchi walikuwa na haki ya kulalamika. Mfumo ulikuwa umeifaidia barabara kuu kwa kuwatoza watu wa mitaa ya jirani, na dawa ikawa kuweka kikomo cha kile ambacho mtu mmoja anaweza kudaiwa kwa ajili ya wengine.

Uingereza ilikwenda mbali zaidi. Kwenye barabara ya M42 karibu na Birmingham, mwaka 2006, walikusanya vifaa kadhaa katika kipande kimoja cha kilometa 17 hivi: vihisio chini ya lami vya kuhesabu magari, alama za mwendo zinazobadilika kadiri magari yanavyoongezeka, kamera za kuwabana wanaozidisha, ruhusa ya kupita kwenye bega la barabara saa za msongamano, na chumba cha waangalizi wanaofungua na kufunga njia. Bega hilo ndilo gari linaloharibika lilikuwa likikimbilia, kwa hiyo palijengwa vituo vya dharura kila baada ya mita 500 hivi. Muda wa safari ukawa wa kutabirika zaidi kwa kiasi cha kati ya moja ya tano na robo. Ajali za kuumiza watu zilishuka kutoka takriban 5 kwa mwezi hadi chini ya 3.

Hapo hakuna kifaa ambacho kingefanya kazi hiyo peke yake. Kufungua bega bila kupunguza mwendo kungeua watu. Alama za mwendo zisizo na kamera zingedharauliwa. Na kamera zisizo na vihisio zingewatoza watu faini kwa mwendo ambao hakuna aliyejua kama unafaa saa hiyo.

Kisha wakaharibu. Serikali ilipotaka kuusambaza mpango huo nchi nzima, ilipunguza gharama kwa kung'oa vipande. Bega likageuzwa kuwa njia ya kudumu, na vituo vya dharura vikatenganishwa hadi kilometa 2 na nusu katika baadhi ya maeneo. Katika barabara nyingi za aina hiyo, vihisio vya kutambua gari lililosimama vilichelewa kufungwa. Madereva walioharibikiwa njiani waligongwa na kufa, familia zao zikapaza sauti, na Aprili 2023 serikali ikafuta mpango wa kujenga barabara mpya za namna hiyo. Anayeuza vifaa hivi leo atakuonyesha takwimu za M42. Muulize kama anakuuzia M42 nzima au ile iliyopunguzwa.

Afrika Mashariki ina hadithi zake, na nyingi ni za zege. Barabara ya Thika ilizinduliwa Novemba 2012 ikiwa na njia nane, na ile ya juu ya Nairobi, kilometa 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, ilifunguliwa kwa umma Mei 2022. Zote mbili humkimbiza dereva kisha humtema kwenye makutano yaleyale ya zamani. Watumiaji wa ile ya Nairobi wanazijua foleni za kutokea kuliko za kuingilia. Dar es Salaam ilipata daraja la Mfugale pale TAZARA mwaka 2018 na la Kijazi pale Ubungo mwaka 2021, na hakuna anayetamani kurudi nyuma. Lakini katika makutano mengine ya jiji kila mtu amewahi kuona taa ya kijani ikiwaka huku trafiki amenyoosha mkono kuzuia magari. Wengi humcheka. Mimi naona trafiki ana akili kuliko taa: anaiona foleni, na taa isiyo na kihisio haioni kitu. Udhaifu wake ni kwamba anaona makutano yake tu. Akiuvuta upande mmoja kwa dakika kumi, anamjazia mwenzake wa makutano yanayofuata, naye mwenzake atafanya vivyo hivyo.

Kinachofanana zaidi na yajayo Ruvuma ni Tunduma. Kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde kilizinduliwa Oktoba 2019 na Marais Magufuli na Edgar Lungu, ili lori likaguliwe mara moja badala ya mara mbili. Lilikuwa jambo jema. Hata hivyo, misururu ya malori yanayokwenda Zambia na Kongo iliendelea kuonekana barabarani kuelekea Mpemba, kwa kuwa kuharakisha ukaguzi hakusaidii sana ikiwa malori yanafika kwa mkupuo, au mfumo wa kompyuta ukilala, au upande wa pili hauna nafasi ya kuyapokea. Mji wenyewe ndio uliogeuka kuwa chumba cha kusubiria. Mgonjwa anayekimbizwa hospitali na mama anayewahi soko wanapenya kati ya semi-trela ambazo hazina habari nao.

Turudi sasa Ngaka tufanye hesabu ya kubuni, kwa namba za mfano tu. Tuseme malori 40 yanamaliza kupakia na kuondoka kwa mkupuo. Mbele kuna mizani inayomaliza lori moja kwa dakika 3, yaani malori 20 kwa saa. Lori la mwisho litasubiri karibu saa mbili. Mkubwa mmoja anakasirika, ananunua mizani ya kisasa inayopima mara mbili haraka zaidi. Foleni ya mizani inakatika kwa nusu, picha zinapigwa. Lakini tuseme pia kwamba geti la bandari linapakua malori 12 tu kwa saa. Malori 40 yanahitaji saa tatu na dakika 20 pale getini, iwe yamepimwa haraka au polepole. Kwa hiyo mizani mpya haijampunguzia dereva hata dakika mbili za safari yake. Imehamisha kusubiri kwake kutoka porini kwenda kwenye mitaa ya Mtwara. Ukipanua geti bila kugusa mizani ya zamani, safari itafupika, lakini kwa sehemu tu: geti litasubiri malori yaliyokwama kwenye mizani. Mizani mpya peke yake inaleta karibu sifuri, na tathmini yake ingesema kwa haki kabisa kwamba fedha zimepotea. Ukifanya yote mawili, safari inafupika zaidi. Ukiongeza na miadi, yaani kila lori kupewa saa yake ya kutoka mgodini kulingana na nafasi ya geti, madereva 40 hawasubiri barabarani kabisa. Wanasubiri kwenye yadi yenye choo, chakula na kivuli.

Miadi hiyo ni ile taa ya Minnesota katika nguo nyingine, na nadhani ndiyo ingefaa kutangulia hapa kwetu, kabla ya kuwaza njia nne. Vifaa vya kuisaidia vingine tunavyo tayari. Sheria ya Afrika Mashariki ya Kudhibiti Uzito wa Magari ya mwaka 2016, inayoweka ukomo wa tani 56, imeleta nidhamu ya mizani, na pale Vigwaza mkoani Pwani lori hupimwa likiwa linatembea, linalotiliwa shaka pekee ndilo linalogeuzwa kwenda kupimwa upya. LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, ina mfumo wa kufuatilia mwenendo wa mabasi kwa satelaiti. TRA, mamlaka ya mapato, huweka lakiri za kielektroniki kwenye shehena za nje zinazopita nchini. Polisi wana tochi zao za kupima mwendo. Bandari ina orodha ya meli na mizigo inayoisubiri. Tatizo ni kwamba kila kimoja kilizaliwa kwa kazi yake: mizani kulinda lami, lakiri kulinda kodi, mfumo wa LATRA kumbana dereva wa basi asizidi kilometa 80 kwa saa. Hakuna kilichozaliwa kwa ajili ya foleni. Na barabara yenyewe ina wenye nayo wawili, TANROADS kwa barabara kuu na za mkoa, TARURA kwa za mitaa na vijiji. Lori likitoka kwenye lami ya mmoja kwenda kulala kwenye udongo wa mwingine, tayari limebadili daftari.

Hapa wataalamu wa vifaa hupenda kutaja gharama ya kompyuta na nyaya. Gharama ngumu zaidi ni ya mamlaka. Nani ataliambia lori la tajiri kwamba halitoki Ngaka mpaka saa nane, ilhali limeshapakia na dereva analipwa kwa safari? Mwenye lori mmoja akitii na mwenzake akakaidi, mtiifu ndiye atakayepata hasara, na kesho hatatii. Miadi isiyo na adhabu getini ni karatasi. Kwa hiyo geti la bandari lazima likatae kumpokea aliyekuja bila saa yake, na likatae bila kupokea simu kutoka juu. Barua ya makubaliano kati ya mgodi, bandari, TANROADS na polisi ina thamani kubwa kuliko nguzo ishirini za kamera, ingawa haina utepe wa kukata.

Mteremko wa Mbamba Bay una mambo yake ya pekee. Kutoka mji wa Mbinga, ulio juu ya mita 1,300 kutoka usawa wa bahari, barabara inakata vilima vya Wamatengo na mashamba yao ya ngolo na kahawa, inashuka hadi ziwani chini ya mita 500. Lori lililopakia likipanda huko, nyuma yake hujikusanya msafara, kwani pa kulipita ni pachache. Likishuka, hatari ni breki. Robo hivi ya foleni za Marekani hukadiriwa kutokana na ajali na magari yaliyoharibika. Kwenye barabara ya njia mbili ya mlimani hisa hiyo haiwezi kuwa ndogo, na kila dereva aliyewahi kukwama kwenye mlima Kitonga kwa sababu ya lori moja lililolala atakubali. Hivyo kifaa chenye faida kubwa zaidi mlimani ni kile kinachofupisha muda kati ya lori kuharibika na lori kuondolewa. Gari la kuvuta liwepo karibu, siyo Songea. Juu ya mteremko pawe na mahali pa lazima pa kusimama na kukagua breki. Na pawe na namna ya kumwambia aliye Mbinga mjini asianze kushuka. Mambo matatu, na la tatu likikosekana, gari la kuvuta lenyewe litakwama nyuma ya foleni linayokwenda kuiondoa.

Madereva wetu, kwa kweli, wameshaijua kazi hiyo ya kupeana habari kwa njia zao. Matawi yaliyokatwa na kutandazwa barabarani humwambia ajaye kwamba mbele kuna gari bovu, na yakitandazwa mapema vya kutosha yanaokoa maisha kuliko alama nyingi za chuma. Kuwashiana taa ni mtandao wa mawasiliano ulioenea nchi nzima, japo sehemu kubwa ya habari zake ni mahali alipo trafiki mwenye tochi. Makundi ya WhatsApp ya madereva hufanya kazi ya chumba cha waangalizi bila mshahara. Mfumo wowote utakaoletwa ukayapuuza haya utakuwa unaanza nyuma ya pale tulipo.

Liko pia suala ambalo Minnesota haikuwa nalo: saa moja ya kusubiri haina uzito sawa kwa kila mzigo. Makaa yanaweza kulala wiki yasiharibike. Kahawa iliyokobolewa huvumilia. Lakini gari dogo linalopanda kutoka Mbamba Bay au Liuli na mbasa kwenye barafu linahesabu saa, na anayeshuka na mgonjwa kutoka kijijini anahesabu dakika. Foleni ya kawaida haijui hili, aliyetangulia ametangulia. Mfumo wa miadi unaweza kulijua, kwa kuyaachia makaa saa za usiku na mchana wa jua kali, na kuwaachia samaki na abiria asubuhi na jioni. Wanaopaswa kuipanga ratiba hiyo ni halmashauri za Mbinga na Nyasa pamoja na Songea, kwa sababu malori ya kwenda Mtwara hupita Songea na hakuna mgodi utakaojitolea kumpisha muuza samaki.

Pingamizi kubwa dhidi ya yote haya ni reli. Mpango wa reli ya Mtwara hadi Mbamba Bay, yenye matawi ya kwenda Mchuchuma na Liganga, umezungumzwa kwa miaka mingi, na ikijengwa, makaa yatashuka kutoka barabarani. Kwa nini basi kutumia fedha kwa malori? Ni pingamizi zuri kwa anayetaka kusimika minara na vihisio vya bei kubwa kando ya lami. Kwa yadi na miadi halina nguvu hiyo. Yadi ya kusubiria iliyojengwa karibu na mgodi inaweza kuwa yadi ya kupakilia mabehewa, na daftari la nafasi za geti la bandari litahitajika vilevile treni zitakapoanza kufika. Minara ingebaki ikiyaonyesha mwendo mabasi ya Songea na bodaboda za samaki.